Maswali ya Wasomaji: Fonti za Mwandiko, Viungo Vyake na Mikia Yake

Barua za toleo hili karibu zote zimeangukia jambo moja: fonti za mwandiko wa kalamu, zile zenye mikia na vitanzi, ambazo watu huzipenda kwenye kadi, vyeti na nembo kisha zikawatoa jasho. Tumeanza na lile linaloulizwa kuliko yote.

Ndugu Mhariri, nimelitanua jina kwenye kadi ya mwaliko ili lijaze upana wa karatasi. Sasa kila herufi imesimama kivyake kama meno yenye mapengo. Je, fonti ni mbovu?

Fonti haina kosa. Katika fonti ya mwandiko, kila herufi hutoka na mkia mfupi upande wa kulia, na mkia huo umechorwa ukome palepale herufi inayofuata inapoanzia. Mara nyingi hupandana kidogo tu, unene wa unywele. Ukiongeza nafasi kati ya herufi, unafungua kila kiungo. Hesabu yenyewe ni hii: programu za usanifu hupima nafasi hiyo kwa sehemu za elfu za saizi ya herufi. Weka 20 kwenye jina la pointi 48, na kila kiungo kimeongezewa karibu pointi 1, yaani theluthi ya milimita. Kwa jicho, huo ni ufa.

Kuna njia nyingine za kuufikia ufa huo bila kukusudia. Moja ni chaguo la nafasi liitwalo Optical katika Illustrator na InDesign. Ukilichagua, programu huviacha vipimo vya mchoraji wa fonti na kukisia vyake kwa kutazama maumbo. Kwa fonti ya kitabu hilo laweza kusaidia. Kwa mwandiko ni balaa, kwa kuwa programu haijui kwamba herufi hizi zimekusudiwa kugusana. Rudisha Auto au Metrics, na nafasi ya jumla iwe 0. Njia nyingine ni kusawazisha kingo zote mbili za aya, ambako programu huweza kuzinyoosha herufi ili mstari ujae. Kwenye tovuti, kanuni ya letter-spacing (nafasi kati ya herufi) iliyowekwa kwa vichwa vyote hurithiwa mpaka kwenye neno lako. Huko hasara ni mbili: herufi huachana, na kivinjari huacha pia kutumia herufi pacha zilizochorwa pamoja.

Ukitaka jina lijaze upana, ongeza saizi, au ipe herufi ya mwisho mkia mrefu. Nafasi kati ya neno na neno waweza kuiongeza utakavyo, maana hapo hakuna kiungo.

Na ukilipinda jina juu ya duara, chagua duara pana. Herufi zilizopangwa juu ya duara hutawanyika vichwani na kubanana miguuni. Viungo vya chini huvumilia. Vile vya juu, baada ya o, v, w na b, ndivyo vinavyofunguka kwanza.

Nina mamia ya fonti hizi kwenye kompyuta, na zote zinapendeza kwenye sampuli. Nichagueje?

Zinapendeza kwa sababu sampuli huandikwa na mwenye fonti, kwa maneno aliyoyachagua yeye. Yaache maneno yake, uandike yako.

Kwanza jiulize ni kalamu gani iliyoizaa. Nibu, yaani ncha ya kalamu ya wino, ikiwa imechongoka hufunguka ukiikandamiza kushuka na kujifunga ikipanda. Kwa hiyo mistari ya kushuka ni minene na ya kupanda ni nyembamba kama uzi. Huo ndio mwandiko wa Uingereza wa karne ya 18, uliosambazwa kwa kuchongwa kwenye mabamba ya shaba, na George Bickham ndiye aliyeukusanya katika The Universal Penman kati ya 1733 na 1741. Fonti ya Bickham Script, aliyoichora Richard Lipton kwa ajili ya Adobe mwaka 1997, inatoka huko. Snell Roundhand ya Matthew Carter, ya miaka ya 1960, ni ya ukoo huohuo, na Pinyon Script pia. Ni fonti za heshima, nzuri kwa cheti na mwaliko, na ni dhaifu zikiwa ndogo.

Nibu bapa ni jambo jingine: unene hutokana na pembe ya kalamu, si mkandamizo. Zapf Chancery ya 1979 ni ya namna hiyo. Herufi zake nyingi hazishikani kabisa, kwa hiyo huvumilia sentensi nzima na hata aya fupi. Zapfino, ambayo Hermann Zapf aliitoa mwaka 1998 kutokana na ukurasa aliouandika kwa mkono mwaka 1944, ina mikia mirefu kiasi kwamba mistari miwili haikai pamoja bila kupangwa herufi kwa herufi. Halafu kuna za burashi, kama Mistral ya Roger Excoffon ya 1953. Mistari yake ina mwili, na haifi haraka ikipunguzwa.

Sasa jaribu Kiswahili chenyewe. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Kwa hiyo mapambo ya mwisho wa neno utakayoyatumia ni ya a, e, i, o na u. Ule mkia wa ajabu wa d au y unaoonekana kwenye sampuli utaupata kwenye majina ya watu tu, na si mara nyingi. Fonti isiyo na a nzuri ya kumalizia neno haikufai, hata ingekuwa na aina kumi za y.

Kisha andika maneno haya: vyovyote, bwawa, mwenge, mzazi, habari. Viungo vya herufi nyingi hutokea chini, kwenye mstari wa msingi, lakini vya b, o, v na w hutokea juu, na herufi hizo Kiswahili hakizikosi. Angalia kwa karibu w inapokutana na e katika “mwenge”. Uzi wa w uko juu, ilhali tumbo la e hufunguliwa kwa uzi unaopanda kutoka chini. Fonti iliyotengenezwa kwa bidii ina w au e ya pekee kwa mkutano huo. Iliyotengenezwa kwa haraka hukuachia uzi unaoning'inia hewani, au e iliyojazwa kama nukta nene. “Mzazi” itakuonyesha kama z yenye kitanzi cha chini inasomeka au inageuka 3. “Habari” itakuonyesha kama r inatofautiana na n. Mwisho linganisha herufi kubwa zinazofanana: I na J, T na F, L na S. Mgeni asiyelijua jina la mtu hawezi kulikisia.

Neno letu la nembo lina ng' ndani yake. Kila fonti ninayojaribu hulikata neno vipande viwili. Kuna dawa?

Ipo, ila ni ya mkono. Wachoraji wengi wa fonti hizi hawakuifikiria alama hiyo ya ritifaa (') katikati ya neno lisilokatika. Matokeo ni mawili kwa pamoja: alama inachukua nafasi yake na kuisukuma herufi inayofuata mbali na g, na fonti yenye akili ya kubadilisha herufi kulingana na jirani huenda ikadhani neno limekwisha, ikaipa g mkia wa kumalizia na herufi inayofuata ikaipa mwanzo wa neno jipya.

Anza na g. Ichague pamoja na herufi iliyo baada ya alama, uzime mabadiliko ya kimuktadha, ubaki na maumbo ya kawaida. Halafu iondolee alama upana wake. Tuseme upana huo ni 180 katika elfu: weka −90 kati ya g na alama, na −90 kati ya alama na herufi inayofuata. Herufi mbili zitagusana kama alama haipo, na alama itakaa juu ya kiungo, kwa kuwa yenyewe iko kimo cha vichwa vya herufi ndefu na g iko chini. Katika Word, nafasi huongezwa au kupunguzwa baada ya kila herufi. Kwa hiyo chagua g na alama pamoja, weka Condensed, na kipimo kwa pointi: kwa saizi ya 36, zile 90 ni pointi 3.2.

Tumia alama iliyopinda, si ile iliyonyooka kama msumari. Iliyonyooka ni urithi wa mashine ya kuandikia, na kando ya mwandiko wa nibu huonekana kama imedondoka hapo kwa bahati mbaya.

Mteja anataka jina lote kwa herufi kubwa za mwandiko. Nimkubalie?

Hapana. Herufi kubwa za fonti hizi zilichorwa zisimame mbele ya herufi ndogo. Hazina viungo vya kushikana zenyewe kwa zenyewe, na vitanzi vyao hupigana. Mwandikie yote mawili kwenye karatasi moja, umpe mtu mwingine asome kwa sauti. Mabishano yataisha hapohapo.

Kwenye ukurasa wa kuuzia fonti kulikuwa na M yenye kitanzi kirefu mno. Nimenunua, nimeandika M, kimetoka kitu cha kawaida. Nimetapeliwa?

Huenda kitanzi kimo, kimejificha. Fonti ya OpenType, aina ya faili la fonti iliyo ya kawaida siku hizi, huweza kubeba maumbo mengi ya herufi moja, na programu huonyesha la kwanza mpaka uambie vinginevyo.

Katika Word bonyeza Ctrl na D, nenda Advanced, utaona “Stylistic sets” zenye namba, na chini yake kisanduku cha “Use Contextual Alternates”. Kitie alama, kisha jaribu seti moja baada ya nyingine ukiwa umechagua ile herufi tu, si neno zima. Katika Illustrator fungua Type kisha Glyphs, chagua herufi, ubonyeze mara mbili umbo unalolitaka. Ikiwa programu yako haina mambo haya, tazama kama mchoraji ameyaweka maumbo ya ziada kwenye eneo la matumizi binafsi la Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake), kati ya E000 na F8FF. Kama yamo, yanaweza kunakiliwa kutoka Character Map ya Windows na kubandikwa.

Njia hiyo ya mwisho ina gharama yake. Umbo lililobandikwa hivyo si M tena kwa kompyuta. Ni namba isiyo na jina. Ukibadilisha fonti hugeuka kisanduku kitupu, ukitafuta jina kwenye faili hulipati, na programu inayowasomea wasioona huliruka. Kwa kadi ya kuchapwa hakuna neno. Kwa tovuti usifanye.

Kuhusu wingi: mkia mmoja wa kufungua na mmoja wa kufunga unatosha jina. Ukiongeza wa tatu, uwe umeliona pengo tupu unalolijaza. Mkia unaopita juu ya herufi nyingine huonekana kama mtu amekata neno kwa kalamu.

Kwenye skrini kadi ilikuwa safi. Imerudi kutoka kwa mchapaji na nusu ya mistari myembamba haipo. Nani wa kulaumiwa?

Mara nyingi ni saizi. Skrini hukuza, karatasi haikuzi. Pima kabla ya kutuma: geuza herufi moja kuwa umbo, chora mstatili juu ya uzi mwembamba kuliko zote, usome upana wake. Uzi wa vipimo 18 katika elfu, kwa saizi ya pointi 24, ni pointi 0.43, na huchapika. Saizi ya 12 huupunguza hadi 0.22, na hapo umeshuka chini ya pointi 0.25 ambayo wachapaji wengi huihesabu kuwa kikomo cha mstari mweusi juu ya karatasi nyeupe. Herufi nyeupe juu ya rangi zinahitaji maradufu, angalau 0.5, kwa kuwa wino hutambaa kutoka pande zote mbili na kuuziba uzi.

Rangi nayo huua. Ukiandika kwa kahawia iliyochanganywa na wino tatu au nne, kila wino hupigwa kwa bamba lake, na bamba likisogea kidogo tu uzi hupata kivuli chekundu upande mmoja na cha buluu upande wa pili. Mwandiko mwembamba uchapwe kwa wino mmoja: mweusi mtupu wa asilimia 100, au rangi maalumu iliyochanganywa kabla. Rangi hafifu ya asilimia 40 ni mbaya zaidi, maana hupatikana kwa kutawanya vitone, na uzi ukiwa mwembamba kuliko nafasi kati ya vitone huchapika kama mshono uliofumuka. Karatasi yenye mikunjo na nyuzinyuzi humaliza kilichobaki, hasa kwa mashine za leza, kwa sababu unga wa wino haufiki vizuri mabondeni.

Dhahabu ya kubandikwa kwa joto ina tabia ya kinyume. Yenyewe huvimba. Matumbo ya e na a ndiyo huzibika kwanza, kwa hiyo huko tazama uwazi wa ndani kabla ya unene wa mstari.

Kuna ujanja wa kuokoa kazi ambayo saizi yake haibadiliki: uzungushie neno mstari wa rangi ileile, unene wa pointi 0.2. Nusu yake huingia ndani na nusu hutoka nje, pande zote mbili za uzi, kwa hiyo uzi wa 0.22 unakuwa 0.42. Mistari minene haitaonyesha tofauti. Kagua e tena baada ya hapo.

Nataka kukata jina kwa leza kutoka ubao wa milimita 3 lisimame kama kipande kimoja. Mashine imekata katikati ya kila kiungo.

Kwa mashine, herufi zilizopandana ni maumbo mawili, na kila umbo lina ukingo wake. Imekata kingo zote kama ilivyoambiwa. Geuza maandishi kuwa maumbo kisha uyaunganishe kuwa moja. Katika Illustrator ni Ctrl, Shift na O, halafu Unite kwenye Pathfinder. Katika Inkscape ni Object to Path halafu Union kwenye menyu ya Path. Kisha tazama kazi bila rangi, mistari mitupu: usione mstari wowote ukipita ndani ya kiungo.

Bado kuna nukta za i, na Kiswahili kina i nyingi. Hazijashikwa na chochote, zitaanguka. Zishushe zigusane na mwili wa herufi, au ziunganishwe na mkia wa herufi ndefu iliyo jirani, au ziondoke kabisa kama neno linasomeka bila hizo.

Halafu unene. Kanuni inayofaa ni sehemu nyembamba isipungue unene wa ubao wenyewe. Kwa uzi wa 18 katika elfu, milimita 3 zinapatikana saizi ikiwa karibu milimita 167, yaani pointi 472. Kama jina lako si kubwa hivyo, achana na mwandiko wa nibu iliyochongoka na uchukue wa burashi.

Vichwa vya herufi na mikia ya chini vinakatwa kwenye Word, na hata kwenye tovuti yetu.

Kwenye Word tazama nafasi ya mistari. Ikiwa “Exactly”, chochote kinachovuka kimo hicho hukatwa machoni; weka “At least” au “Multiple”. Kwenye tovuti, mkia hutoka nje ya kisanduku cha maandishi, na kama kisanduku kimeamriwa kuficha kinachozidi, kinauficha. Ongeza nafasi ya ndani juu, chini na hasa kulia, ambako mkia wa mwisho huenda mbali kuliko unavyodhani.

Kwa jumla, mistari miwili ya mwandiko huhitaji kama asilimia 150 ya saizi, si 120 inayowekwa na programu yenyewe. Na usilinganishe saizi kwa namba. Herufi ndogo za fonti hizi ni fupi: x yenye kimo cha 0.30 ya saizi, kwa pointi 24, ni sawa na x ya fonti ya kitabu yenye kimo cha 0.45 kwa pointi 16. Mwandiko wa 14 kando ya maandishi ya 14 utaonekana kama mnong'ono.

Fonti ya bure naweza kuiweka kwenye bidhaa ya kuuza?

Soma faili la leseni lililokuja nayo. Great Vibes, Pinyon Script, Allura, Tangerine na Dancing Script zimetolewa kwa leseni ya SIL Open Font License, inayoruhusu kazi za biashara, nembo na tovuti. Inachokataza ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Iliyoandikwa “personal use” haikuruhusu hata kadi moja ya kulipwa. Na uliyoinunua kwa ajili ya kompyuta huenda haihusu tovuti wala programu ya simu, ambako faili la fonti lenyewe husafiri hadi kwa mtumiaji. Jina lililogeuzwa kuwa maumbo au picha halibebi faili hilo, na leseni nyingi za kompyuta huliruhusu.